Fundi Kufuli na Lango la Viziwi

Mshonaji hakuwa mtu wa umbea, ila masikio yake hayakuwa na kazi nyingine ndani ya basi lile. Kwenye kiti cha mbele yake, fundi kufuli alikuwa akimweleza mama mmoja, mpishi wa chuo kikuu cha viziwi, kwamba ameitwa akakate mnyororo langoni. Wanafunzi walikuwa wamelifunga lango tangu juzi, wakitaka mkuu mpya wa chuo awe kiziwi kama wao.

"Sasa mama yangu, mkuu kiziwi atapokeaje simu za wakubwa?" fundi aliuliza. "Anayeondoka masikio anayo yote mawili," mpishi akajibu, "na miaka sita hajajua hata kuwasalimia kwa ishara. Jana kawahutubia kwa kipaza sauti, mkalimani akitafsiri kwa mikono, wote wakafumba macho! Wale wakichoka na maneno yako, ndivyo wanavyoziba masikio."

Mshonaji alitamani kuuliza swali, akakumbuka kwamba hayumo kwenye mazungumzo yale.

"Hata hivyo, kuongoza chuo si mchezo," fundi akashikilia lake. "Kwani nani kakwambia wanacheza?" mpishi akamuuliza.

Basi likasimama kabla ya kituo. Wanafunzi walikuwa wameketi barabarani, wamelipa basi mgongo. Dereva akapiga honi mara tatu; hakugeuka hata mmoja. Fundi akabeba sanduku lake la vyuma, akafika mlangoni, akarudi.

"Mama, 'naomba nipite' wanasemaje?"

"Kwanza weka hilo sanduku chini," mpishi akamwambia. "Inataka mikono yote miwili."