Mbona Yesu Alikuwa Amelala?

Haleluya, ndugu zangu! Nimeambiwa nichukue dakika chache tu, na wale wananijua wameshaanza kucheka. Chekeni. Kuna wakati singeweza kuwaambia hata "hamjambo", kwa hivyo leo nikiongea sana mnivumilie. Walimu wenzangu wa shule ya Jumapili, nyinyi wa Naivasha, nyinyi wa Elburgon mliokuja na masweta yenu mazito, na sisi wa hapa Nakuru, nina furaha kuwaona!

Mimi nafundisha watoto kule mtaa wa Rhonda. Kanisa letu ni la mabati, mvua ikishika mhubiri ananyamaza. Watoto nao ni wengi, aki, wanajaa mpaka kwa mlango. Nilipopewa hiyo kazi niliipenda sana. Halafu ikaja Jumapili ya watoto, ile siku makanisa jirani yanakutana na kila darasa linasimama mbele. Watoto wa wenzetu wakakariri Zaburi nzima bila kumeza mate. Wangu wakasahau. Mmoja akalia, mwingine akaanza kuchezea kamba ya kiatu. Niliona aibu nikatamani ardhi ipasuke, nikasema moyoni, mwaka ujao tutaonana.

Basi nikatunga shairi refu la Yesu akituliza dhoruba. Mazoezi Jumamosi, mazoezi wakitoka shule katikati ya wiki. Kabla ya mazoezi nafunga na kuomba, baada ya mazoezi nazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta waliokosa. Bwanangu akaniambia, "Mama, Mungu alikuwa na hao watoto kabla wewe uzaliwe." Nikamjibu, "Wewe hujui kazi ya Bwana." Yaani mzee wa watu anaosha sufuria zangu, na mimi namwambia hajui kazi ya Bwana!

Na kuna kitu nilikuwa nafanya, na wengine wenu hapa mnakifanya, msiangalie chini. Watoto wakikariri, mimi nakaa benchi la mbele nasema kila neno kwa midomo, bila sauti. Wao wananifuata. Nilidhani wameshika neno la Mungu, kumbe walikuwa wanasoma mdomo wangu.

Sasa, kulikuwa na kasichana kamoja kanaishi na shosho yake, yaani nyanya yake. Kila tukifika pale Yesu amelala kwa mashua, kanaacha kukariri, kanainua mkono. "Ticha, mbona Yesu alikuwa amelala na maji yanaingia?" Mimi nakajibu, "Wacha maswali, sema mstari wako!" Siku moja nilikakemea vibaya mbele ya wenzake. Jumapili iliyofuata hakakuja. Ile nyingine pia hakakuja. Nikakutana na shosho sokoni, akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto kila Jumapili asubuhi anaumwa na tumbo. Ibada ikiisha, tumbo limepona. Nimemuuliza sana. Anasema Mungu ni mkali kama ticha."

Nawaambia, hayo maneno yalinidunga. Mtoto anamkimbia Mungu kwa sababu yangu! Na mnajua nilifanya nini? Nilimpa mtoto mwingine ule mstari, nikaongeza siku ya mazoezi.

Basi Bwana akaamua kunisaidia kwa njia yake. Sauti ikaanza kukwaruza, halafu ikakatika kabisa. Nafungua mdomo, inatoka hewa tupu. Daktari akanikataza kuongea, hata kunong'ona. Mimi! Na Jumapili ya watoto ilikuwa imefika mlangoni.

Nikakaa nyumbani nikilia kimya kimya. Halafu mchana mmoja miguu ikanipeleka kwa yule shosho. Nilitaka kuomba msamaha na sikuwa na sauti ya kuombea. Shosho alikuwa ameketi nje anaambua minji, zile njegere, za kuuza. Alinisogezea stuli na sinia tu, nikaanza kuambua. Kale kasichana kakanichungulia kutoka kwa mlango. Kakaona siongei, kakaja kakakaa karibu na mimi.

Tukaambua. Halafu kakasema, "Ticha, leo hugombani." Nikatikisa kichwa. Kakafungua ganda lingine. "Unajua mbona Yesu alikuwa amelala? Mimi nafikiri alijua Babake yuko macho."

Weh! Ndugu zangu, minji yote ilimwagika! Nililia pale, na shosho akafikiri nimeugua zaidi. Miaka yote nimefundisha hiyo hadithi, na mimi ndiye nilikuwa nabeba darasa kana kwamba Mungu amesinzia. Nilikakumbatia kale katoto, na mzigo ukanitoka, nawaambia ukweli, nilisikia mabega yakiwa mepesi!

Jumapili ikafika. Nikakaa nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Watoto wakaanza vizuri. Walipofika pale Yesu amelala, macho yao yakatafuta mdomo wangu, hayakuuona. Shairi likakatika. Wageni wanaangaliana. Miguu yangu ikataka kuinuka, nikashika benchi kwa mikono yote miwili nikasema moyoni, Baba, wewe uko macho, mimi nimeketi.

Ndipo kasauti kakatoka kando ya shosho, kule kwa akina mama: "Halafu Yesu akalala!" Kasichana kangu! Kakakimbia mbele na sweta ya shule, kakalala chini, kakakoroma kabisa. Watoto wakacheka. Mmoja akawa upepo, wengine wakawa mawimbi, mwingine akapiga kelele, "Tunakufa!" Yesu wetu mdogo akaamka, akajinyoosha, akasema, "Wewe upepo, wacha fujo!" Kanisa lote likasimama! Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Shairi langu lote lilipotea, hakuna aliyeliulizia. Wenzetu walikariri bila kosa, na mimi niliwapigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Namshukuru yule shosho kwa stuli yake. Namshukuru bwanangu, ambaye siku hizi ninamsaidia kuosha sufuria. Na kale kasichana, siku hizi tumbo haliumi, kananifuata mpaka kwa lango.

Mwalimu mwenzangu unayesikia umechoka, na najua uko hapa, tayarisha somo lako. Fagia darasa, pika uji, waite watoto kwa majina. Halafu wakianza kusahau, usikimbilie benchi la mbele. Hao ni watoto wa Mungu.

Sauti imerudi, mnaisikia, na ningeweza kuendelea mpaka jioni. Lakini naomba niketi sasa. Babangu yuko macho.