Mwalimu Wingu na Unga wa Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mwalimu wa fizikia aliyeitwa Mwalimu Wingu. Mwalimu Wingu, mama wa kicheko kikubwa, aliyeulizia elektroni kana kwamba ni jirani aliyehama bila kuaga.

Turudi nyuma, chuoni. Mwalimu wetu, bado binti, kasimama mbele ya watahini wawili. Swali: katika atomu ya haidrojeni, uwezekano wa kuipata elektroni ni mkubwa zaidi umbali gani kutoka kwenye kiini? Akapiga hesabu mbio mbio, akajibu, “Hapo hapo kwenye kiini.” Wapi! Akaanguka mtihani. Akapewa nafasi moja ya kurudia. Moja tu. Akikosa tena, afunge virago, ualimu ausahau.

Akaenda kwa dada yake mkubwa, mwoka mikate, uso umemshuka. Dada anakumbuka: “Nilimwambia, shika chekeche, utalia huku unafanya kazi.”

Akachekecha unga mahali pamoja, mawazo yako mbali. Unga ukaanguka mezani, mzito katikati, ukipungua kuelekea pembeni. Mara akaduwaa. Akachukua kisu, akachora miduara, mmoja nje ya mwingine, nafasi kati yake sawasawa. Akakusanya unga wa kila mzunguko, yaani ulio kati ya mduara na mduara, akaupima kwenye mizani. Wa katikati haukujaza hata kijiko. Wa mzunguko wa tatu ukapita wa mizunguko mingine yote! Wa nje zaidi ukapungua tena. Katikati unga umekolea, lakini nafasi ni finyu. Nje kidogo umepungua, lakini nafasi ni kubwa. Kumbe kwenye mtihani alisahau kuzidisha ule ukolezo kwa ukubwa wa nafasi!

“Dada, nimeipata!”

“Umepata nini wewe? Unga wangu si wa kuchezea!”

Akarudi chuoni. Swali lile lile. Safari hii alizidisha. Alieleza kwamba mezani ni miduara, lakini kwenye atomu ni maganda, moja juu ya jingine kama ya kitunguu. Kwenye hesabu yake, uwezekano ukapanda, ukafika kileleni mbali kidogo na kiini, ukashuka. Akapita, tena kwa alama za juu kuliko wenzake wote. Mtahini mmoja alisimama kumpa mkono.

Tangu hapo, wasikilizaji, kila mwaka alichekecha unga darasani mpaka nywele zikawa nyeupe kwa unga. Ndipo wanafunzi wakamwita Wingu, kwa lile vumbi la unga na kwa wingu la elektroni alilowafundisha. Wengi wao leo ni walimu wa fizikia, na wiki iliyopita walijaa mazikoni wakilia na kucheka kwa pamoja. Tulifurahi kuwa naye, jamani. Tunajivunia.

Walipomwomba dada yake lile chekeche kwa ajili ya darasa, alisema, “Lichukueni. Na unga nitaleta mwenyewe.”

Pole sana dada. Poleni watoto wake, poleni wanafunzi wake. Nasi tujiulize: kuna mtu nyumbani kwako leo anamwaga unga wako? Kabla hujamfokea, muulize anatafuta nini.