Bibi Verlene Caudill na Kadi Iliyosubiri Shahidi

Marehemu Verlene Caudill alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 huko Dry Fork, wilaya ya Letcher, Kentucky, mtoto wa pili wa mchimba makaa Hobart Stidham na mkewe Lottie. Dada yake ni Bibi Opal. Walilala kitanda kimoja mpaka Opal alipoolewa.

Alisoma Dry Fork, akamalizia sekondari mjini Whitesburg mwaka 1959.

Kuanzia 1966 alikusanya maneno ya milimani kwa ajili ya kamusi ya chuo kimoja. Alikaa vibarazani kwa watu, akala maharage na mkate wa mahindi, akaandika kadi: neno, sentensi, nani alisema, lini. Maana ya zamani ilitaka mashahidi wawili walioisikia kwa masikio yao.

Neno lililomshika ni la Kiingereza, "splurge". Siku hizi ni kuponda pesa kwa anasa. Zamani lilikuwa kujionyesha kwa mbwembwe, hata mfuko ukiwa mtupu. Lilikotoka hakuna mwenye uhakika. Wengine wanadhani limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili, "splash", la maji kuruka, na "surge", la wimbi kuumuka. "Kudhani hakujazi kadi," alikuwa akisema.

Tarehe 12 Juni 1970 aliolewa na Denver Caudill, aliyemtangulia kufariki. Walimpata mama yangu, Renita.

Kamusi ilitoka 1985. Kwenye "splurge" kulikuwa na mfano alioupeleka yeye: Hobart Stidham aliponda mshahara akanunua redio, nyumbani hakuna unga. Jina lote la baba, kama kadi zilivyotaka.

Bibi Opal alikuja hadi kibarazani na kitabu. "Baba yuko kaburini, wewe unamtangaza Amerika nzima?"

"Ni mfano tu, dada."

"Basi kawe mfano wewe."

Hakukanyaga tena hapo. Na kadi moja ikabaki kwenye droo, ile ya maana ya zamani, maneno ya nyanya yao. Waliomsikia walikuwa wawili tu, Verlene na Opal.

Oktoba 2023 mapafu yalianza kumsumbua. Alimwandikia dada yake barua tatu. Zilirudi hazijafunguliwa. Aliacha kula, lakini kila nikiingia aliuliza kama kuna gari nje.

Ijumaa tarehe 2 Februari 2024 Bibi Opal aliingia, koti mwilini, akakataa kiti.

"Renita anasema unatafuta shahidi."

Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Na jina la baba, utaliondoa?"

"Kitabuni siwezi, dada. Kwenye kadi ya redio naweza."

Nikamletea kadi hiyo na kalamu. Mstari ulienda upande, lakini jina alilikata. Bibi Opal aliutazama ule mstari muda mrefu. Kisha akavua koti.

"Ni jogoo," alisema. "Nyanya alisema jogoo wetu anasplurge mbele ya kuku, na hana hata punje ya kuwapa."

"Mwaka?"

"Arobaini na tisa. Wewe ndiye uliyeacha banda wazi, mzembe mkubwa."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Niliandika mimi, wao walitia sahihi.

Alifariki Jumapili tarehe 4 Februari, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake.

Ameacha binti mmoja, Renita, mjukuu mmoja, na dada yake Opal. Kadi ya jogoo tuliipeleka posta Jumatatu, iende chuoni. Lala salama, Bibi. Hakuna gari la kusubiri tena.