Hawanionei Tena

Wanasema macho hayana pazia. Masikio nayo hayana. Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja fundi cherehani alikuwa anamwonyesha jirani yake wa kiti barua ya shule.

"Mwaka jana binti yangu alikuwa anarudi kila siku akilia, wenzake wanamfinya. Nikamwambia, mwanangu, usikubali kuonewa. Leo naitwa shuleni, eti mfinyaji ni yeye!"

Jirani, kumbe mwalimu wa darasa la tatu, alicheka bila furaha. "Dada yangu, mimi nilikuwa na mkorofi wangu, nikampa kazi ya kuwalinda wadogo. Ngumi zikaisha. Sasa wadogo wote wanamgawia chakula chao. Nikiwauliza, wanasema wanampenda."

"Na kweli wanampenda?"

"Sijui. Nikiingia wanacheka, nikitoka kimya."

Nilitaka kuchangia, nikakumbuka sina hata mtoto wa kusingizia.

Treni ilipoanza kupunguza mwendo, mama alisimama. "Jana nilimuuliza binti yangu kwa nini anafinya wenzake. Akanijibu akitabasamu: 'Mama, si sasa hawanionei tena?' Mwalimu, hapo nimgombeze kwa lipi?"

Mwalimu alimrudishia barua yake. Treni ikasimama, milango ikafunguka, na mama akashuka nayo.