Kapasita Nane za Fundi Mngurumo

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Vuteni viti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye baadhi yenu mliwahi kuisikia sauti yake hapahapa, ingawa sura yake hamkuwahi kuiona.

Miaka mitatu iliyopita msikilizaji mmoja alitupigia simu. Tulidhani anaomba wimbo. Hakuomba wimbo. Alituambia kwamba matangazo yetu yananguruma. Tukamwambia, mzee, labda ni redio yako. Akajibu taratibu kwamba redio yake ameshaipima, na kwamba tukague nyaya za chumba chetu wenyewe. Tukakagua. Alikuwa sahihi. Tukatengeneza, na wengi wenu hamkujua kama kulikuwa na kasoro.

Mtu huyo ndiye tunayemkumbuka. Alikuwa fundi wa mashine za kufulia hospitalini. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa fundi wa kufulia, kwa miaka ishirini na sita. Kazini walimwita Mngurumo, kwa sababu alikuwa akiweka kiganja juu ya mashine, anafumba macho, kisha anasema, "Hii inanguruma vibaya." Wafanyakazi wapya walidhani jina lilitokana na kukoroma. Mkewe ametuthibitishia kwamba hakukoroma hata siku moja. Anayekoroma, alisema, ni yeye mkewe.

Fundi Mngurumo alifariki Jumatatu asubuhi, wiki saba zilizopita. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Mkewe naye ni fundi. Anashona sare za shule. Ilikuwa nyumba ya mafundi wawili, mmoja wa nyaya, mwingine wa nyuzi. Cherehani ilikaa karibu na dirisha. Meza ya kulia chakula ilikuwa na pande mbili, upande mmoja wa sahani, upande mwingine wa bisibisi. Mpaka wenyewe haukuchorwa, ila kila mtu aliujua. Bisibisi ikivuka, mke aliirudisha. Kijiko kikivuka, mume alikirudisha. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka thelathini na mmoja bila vita.

Mume alikuwa na amplifaya. Mnajua chombo hicho, ni lile sanduku linaloipa spika nguvu. Waliinunua mwaka waliooana, na haikuwa mpya hata wakati huo. Ilipiga muziki vizuri, lakini nyuma ya muziki palikuwa na mngurumo mdogo, kama nyuki aliyefungiwa kabatini. Watu wengine hawakuusikia. Yeye aliusikia. Kwa miaka mingi aliupunguza kidogo kidogo, akibadilisha waya huu, akikaza skrubu ile. Mwaka huu aliamua kumaliza maneno. Alisema ubaya wote unatoka kwenye pawa saplai, yaani ile sehemu inayolisha chombo umeme. Umeme ukiingia mchafu, alisema, hata mwimbaji awe na sauti ya asali, utailamba asali hiyo na mchanga.

Basi akanunua transfoma mpya, ya mviringo, nzito kama tofali. Akanunua na kapasita nane. Kapasita, wasikilizaji wapendwa, ni vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme na kuutuliza kabla haujapita. Mkumbuke hesabu hiyo. Kapasita nane.

Hakuwa mtu wa haraka. Alijipangia kutia lehemu kapasita mbili mbili, kila arudipo kazini, kabla ya chakula. Na kama ilivyokuwa desturi yake, kila akimaliza mbili aliandika siku kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kando ya kapasita hizo. Jumatatu, mbili. Jumanne, mbili. Jumatano kichwa kilimuuma, akapumzika. Alhamisi, mbili. Jumamosi, mbili. Zikatimia nane. Alisema Jumatatu akirudi kazini atafunga transfoma, apime, awashe.

Jumatatu hiyo hakwenda kazini.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anavaa viatu. Mkewe alikuwa anapiga pasi kola ya sare. Akamuuliza kama ameona funguo zake. Hakujibiwa. Alipogeuka alimkuta ameegemea ukuta, kamba za viatu ziko mkononi, na mdomo umekwenda upande. Jirani mwenye gari aliitwa. Walimpeleka hospitali ileile aliyofanyia kazi. Alilazwa juu ya shuka lililofuliwa na mashine zake. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameaga dunia. Daktari alisema ni kiharusi, kikubwa, na kimekuja ghafla.

Neno hilo, ghafla, lilizunguka nyumba nzima. Waliokuja kuhani walilisema mlangoni. Shemeji, mdogo wake marehemu, alilisema kwenye simu hadi sauti ikamkauka. Binti yao, mwalimu wa hesabu, alilirudia kama mtu anayekagua jibu asiloliamini. Ghafla. Ghafla.

Mjane hakulitamka neno hilo. Hakulia pia. Alikaribisha watu, akapanga vikombe, akajibu salamu kwa mpangilio wake. Siku ya pili baada ya mazishi alikaa kwenye cherehani akamalizia sare sita zilizobaki, akazikunja, akaziweka kwenye mfuko. Wanawake wakanong'ona jikoni kwamba machozi yamemkauka, na kwamba kilio kisichotoka kinaoza ndani. Aliwasikia. Alituambia kwamba alitamani kuwaridhisha, lakini kila akijitafuta ndani hakukuta mtu. Ilikuwa kama kugusa kitambaa ukiwa umevaa glavu. Unajua ni kitambaa. Hujui ni cha namna gani.

Shemeji alitaka kusafisha meza ili watu wapate pa kuweka sahani. Alishika ile amplifaya iliyofunguliwa, na vipande vyake vyote. Mjane akamwambia, "Shemeji, hiyo iache. Haijaisha." Akaiacha. Watu wakala upande mmoja wa meza. Upande ule mwingine ukabaki wa bisibisi.

Wiki tatu zikapita. Watu wakarudi makwao, kila mmoja na shughuli zake. Jumamosi moja, mchana kweupe, mjane alivuta kiti akakaa upande wa mumewe. Alitaka tu kufuta vumbi.

Hapa lazima niwaambie jambo moja. Mama huyu hakuwa mgeni wa kazi ile. Kwa miaka kumi na tisa, tangu macho ya mumewe yalipoanza kuchoka, yeye ndiye aliyemshikia tochi. Alijua upande chanya na upande hasi. Alijua lehemu nzuri hung'aa na kukaa laini kama tone la maji, na lehemu mbaya hujikunja kama nta ya mshumaa. Na zaidi ya hayo ni mshonaji. Mshonaji hutambua mkono wa mtu kwa mshono. Mletee suruali iliyoshonwa na watu wawili, atakuonyesha alipoishia wa kwanza.

Aliipindua ile bodi, yaani kibao kilichobeba kapasita, akaitazama kwa nyuma. Mbili za Jumatatu, matone yake yalikuwa sawasawa, safi, ya mtu anayemjua. Mbili za Jumanne, vilevile. Kisha akatazama mbili za Alhamisi. Matone yalikuwa makubwa, yamerundikana, moja limemwagikia jirani yake kidogo. Akatazama mbili za Jumamosi. Hizo zilikuwa mbaya zaidi. Na moja kati yake ilikuwa imewekwa kinyume, upande hasi mahali pa chanya. Mumewe hakuwahi kufanya kosa hilo. Hata waliojifunza jana hawalifanyi. Umeme ungewashwa, kile kikopo kingepasuka.

Akaiweka bodi mezani. Mkono wa kulia hushika chuma cha moto, alituambia. Mkono wa kushoto ndio unaolisha lehemu. Mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa mzima hadi mwisho. Mkono wa kushoto haukuwa mzima tangu Alhamisi.

Haikuwa ghafla, wasikilizaji wapendwa. Ilianza Alhamisi, siku nne kabla.

Na hapo vitu vikaanza kumrudia, kimoja kimoja, bila haraka. Alhamisi ile kikombe kilimponyoka mumewe. Akasema mkono una ganzi, "umelala, na mwenyewe nimekesha." Wakacheka. Yeye akamwambia ausugue. Ijumaa asubuhi alitoka chumbani amefunga vifungo vya shati vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini. Mkewe akamwambia amevaa kama mtoto wa chekechea. Mke akavifungua vyote, akavifunga upya kwa mikono yake, akampiga kidogo kifuani kama anavyowapiga watoto wa shule akimaliza kuwajaribisha sare. Mume akasema asante. Akaenda kazini.

Aliyakumbuka hayo yote, alisema, na bado hakulia. Alinyanyuka, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Alasiri hiyo binti alipita kumjulia hali. Alimkuta mama yake na miwani ya marehemu machoni na tochi mkononi. Mama hakumsalimu vizuri. Alimwonyesha bodi.

"Tazama hapa," alisema. "Sasa tazama hapa. Sasa soma siku."

Binti ni mtu wa hesabu. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alisoma zile karatasi nne za penseli, akatazama matone, akarudia. Kisha akaweka mkono begani kwa mama yake. "Mama, si kosa lako."

"Sijasema ni kosa," mama akajibu. "Nimesema niliona."

  Binti akauliza swali la kawaida kabisa, kwamba sasa watafanya nini na chombo hiki. Mama akasema watakimaliza. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumzia pindo la sketi.

Chuma cha kulehemu kikapashwa moto. Safari hii binti ndiye aliyeshika tochi. Mama aliyeyusha lehemu ya ile kapasita iliyogeuzwa, akaichomoa, akaigeuza, akairudisha mahali pake. Kwa kuwa haikuwa imewashwa hata mara moja, haikuwa imedhurika. Alifunga transfoma kwa kufuata mchoro wa mumewe. Ilimchukua saa mbili na vidole viwili vilivyoungua. Alipomaliza, binti aliuliza kama hatayafuta na yale matone mabaya ya Alhamisi na Jumamosi, ayatie upya yapendeze.

Mama akayapima moja moja kwa mita ya umeme. Akayavuta kwa ncha ya bisibisi.

"Ni mabaya," alisema, "lakini yanashika. Yaache."

Kisha wakawasha kama marehemu alivyokuwa akiwasha kila kitu alichokifungua, umeme ukipitia kwanza kwenye balbu ya kupimia. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna hatari. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mambo ni salama. Iliwaka. Ikafifia. Wakaunganisha spika. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na kwenye redio mtu alikuwa anasoma habari za hali ya hewa. Sauti ilitoka safi, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na nyuki kabatini.

Binti aliangua kilio. Alilia akiwa amesimama, tochi ingali inawaka mkononi. Mama aliizima ile tochi ili betri zisiishe.

"Inafanya kazi," alisema.

Tulipomtembelea mama huyu juma lililopita, alitupokea kwenye meza ileile. Tulimuuliza kama sasa analia. Alisema bado. Alisema huenda itakuja, huenda haitakuja, na kwamba amechoka kuisubiri kama mtu anayesubiri mgeni asiyetoa taarifa. Tukamuuliza angependa tupige wimbo gani kwa kumbukumbu ya mumewe. Akasema hataki wimbo. Anataka tuwaambie alichokiona, kwa maneno rahisi, na tuyarudie.

Basi tunayarudia. Kiharusi cha Fundi Mngurumo hakikuja ghafla. Kilianza siku nne kabla. Mkono mmoja ulipata ganzi. Kikombe kilianguka. Vifungo vilifungwa vibaya. Na watu wawili waliopendana wakacheka, kwa sababu mambo hayo huchekesha.

Kwa mkewe, kwa binti yake, kwa mdogo wake, na kwa wenzake wa chumba cha kufulia ambao wanasema sasa hakuna anayewaambia mashine ipi inanguruma, tunasema poleni. Poleni sana. Pengo lenu hatuna cha kuliziba. Mwenyezi Mungu ampumzishe, nanyi awape nguvu ya kuziishi siku zenu, hata zile zisizo na ladha yoyote.

Na wewe unayesikiliza, huenda kuna mtu chumba cha pili. Mwite. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yako, aishikilie hapo. Mwambie atabasamu. Mwambie akutajie jina lako. Mkono mmoja ukishuka, au mdomo ukienda upande, au maneno yakimpotea, usimwambie ausugue, na usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Nenda sasa. Redio iache iseme peke yake.