Valsi ya Kiingereza ya Tata Tshimanga

Batata na bamama, wenzake wa kazi na wa mtaa, mimi ni Badibanga, mdogo wake marehemu, niliyefika Ndola, Dar es Salaam hadi Brussels na kukanyaga vidole vya wanawake katika miji yote mitatu, na familia imenipa karatasi hii kwa sababu wenye akili wote wamekauka sauti kwa kulia.

Kaka yetu Tshimanga alizaliwa Mwene-Ditu, kwetu Kasai, tarehe 14 Agosti 1938, akaletwa Kolwezi angali mgongoni kwa mama, baba yetu alipopata kazi ya mgodi, akasoma kwa mapadri hapa hapa, kisha ufundi, hadi mwaka 1957. Mwaka 1962, tulipofukuzwa Katanga sisi watu wa Kasai, alivuka mpaka hadi Kitwe, kwa Waingereza, akatengeneza magari, akajifunza Kiingereza na gitaa, na Machi 1968 akarudi na kusema kwamba hapa ni kwake, hatafukuzwa mara ya pili, wala hakufukuzwa.

Aliajiriwa mgodini Kingamyambo, fundi wa pampu za tope, na pampu moja iliyochakaa ilikuwa inagonga mara moja kwa nguvu na mara mbili polepole, kutwa nzima, mpaka akaitungia maneno ya Kiingereza, ndiyo valsi ile, dansi ya mapigo matatu, inayomwomba mwanamke asikae chini bado, azunguke naye tena kidogo. Mwanamke huyo ni Mama Mbelu, ambaye kaka alimwoa hapa Kolwezi tarehe 8 Julai 1972, wakajaliwa batoto bane, na mkubwa wao Tshiela huyu hapa mbele.

Tangu hapo, kutoka Mutoshi hadi Mashamba, hakuna arusi iliyofungua dansi bila valsi hiyo, naye hakukubali mtu mwingine aiimbe, hata wanamuziki wa Likasi walipokuja kumbembeleza. Mwaka 1974 kiongozi wa chama wa mtaa wetu alimkataza Kiingereza, akitaka lugha ya mababu, na kaka akamjibu mbele ya watu: “Tata, nkambo yangu alisema Tshiluba, ku kazi tunasema Kifaransa, hapa mtaani ku cité Kiswahili, sasa hii luga ya ine inakuvunja kichwa juu ya nini?” Akaimba, na mwaka uliofuata kiongozi yule yule alikuja kumwomba aiimbe kwenye arusi ya binti yake.

Mwaka 1984 koo lilianza kumuuma, sauti ikaisha, na hapo ndipo alipoanza kumfundisha Mama Mbelu, asiyejua Kiingereza, neno kwa neno, akigonga mapigo mezani, mama akikosa kaka anamtikisia kichwa, akipata kaka anafumba macho. Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni 1986.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa Kingamyambo waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Sasa, wakubwa wa familia wamesema mjane anakaa ku mukeka, hasimami, haimbi. Ninawaheshimu, lakini Mama Mbelu amewajibu bila kupandisha sauti: “Bwana yangu aliniachia luimbo, hakuniachia kunyamaza.” Basi mwenye hasira anikasirikie mimi, nimezoea.

Mama, simama. Mimi nitagonga mapigo ku kiti, moja kwa nguvu, mbili polepole, na wewe kaka, pumzika kwa amani, ila ukisikia mdogo wako amekosea, tikisa kichwa.