Sahani au Kikombe?

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa Kituo chetu cha Utafiti wa Bahari, wastaafu mliotutangulia, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa maabara, karakana na jikoni, na wewe Dokta, ambaye leo tumekukalisha kiti cha mbele ili tukuone vizuri unapotaka kunisahihisha: habari za mchana.

Mimi ni nahodha wa boti ya kituo. Nimeombwa nimuage Dokta kwa maneno machache, na wanaonijua wamekwisha kucheka, maana kwangu maneno machache ni adimu kuliko ngisi jitu mwenyewe.

Ndugu zangu, huyo ngisi jitu ni mnyama gani? Dokta ametufundisha sote, hata sisi wa kamba na nanga. Ana mioyo mitatu, damu ya buluu, mdomo kama wa kasuku, mikono minane, na minyiri miwili mirefu ya kukamatia windo. Koo lake limepita katikati ya ubongo, kwa hiyo akimeza tonge kubwa anaweza kuumia akili. Na Dokta akilisema hilo mezani hunitazama mimi. Anaishi kilindini, jua lisikofika, na wengi waliomwona walimkuta mzoga ufukweni.

Sasa, kila anayedhani amemwona baharini hupiga simu maabara, na Dokta humuuliza swali moja: "Jicho lake, sahani au kikombe?" Kwa nini jicho, wala si urefu? Kwa sababu minyiri huvutika kama mpira, na midomo ya mabaharia huvutika zaidi. Lakini aliyetazamwa na jicho lile halisahau. Ukisema kikombe, umeona ngisi wa kawaida, unashukuriwa na kuagwa. Ukisema sahani, umeaminiwa, unaulizwa swali la pili: "Ulimwona wapi?"

Mimi nilipiga simu hiyo ujanani, nikiwa baharia wa boti ya mizigo. Sahani au kikombe? Nikajibu, "Sinia." Kisha sauti ya upole ikasema, "Asante, ndugu yangu. Upumzike kidogo." Simu ikakatwa. Miaka ikapita, nikaajiriwa hapa, na siku ya kwanza nilipofungua tu mdomo kusalimia, Dokta akageuka: "Kumbe Sinia ndiye wewe." Jina likanganda. Hata mama mkwe analitumia.

Nisiwafiche, jambo hili liliniuma. Jina nimelizoea. Kilichoniuma ni lile swali la pili, ambalo wengine waliulizwa na mimi sikuulizwa. Je, mtu mzima hudai kuaminiwa? Hadai. Anameza, anashika usukani.

Na Dokta naye alikuwa na lake moyoni. Mizoga ameipasua, wanafunzi amewafundisha wakawa walimu, lakini ngisi jitu aliye hai hakuwahi kumtia machoni. Kila safari alibeba sahani ya kupimia ndani ya mkoba, ikirudi vilevile ilivyokwenda. Shemeji, mume wake, yupo pale. Anajua kwa nini seti ya vyombo vya nyumbani haijawahi kutimia.

Mwezi uliopita, katika safari yake ya mwisho, tulikuwa tunamaliza chai ya asubuhi mpishi aliposema, bila hata kupaza sauti, "Dokta, njoo uone." Ngisi alikuwa ubavuni mwa boti, juu ya maji, mwekundu kama tofali, amechoka. Nikazima injini. Dokta akainama ukingoni, nami nikamshika mkanda wa jaketi lake la kujiokolea. Jicho likamtazama. Akanyoosha mkono wenye sahani mpaka karibu nalo kabisa, akasema polepole, "Sahani." Akalia, nasi tukamwacha alie. Baadaye ngisi akazama taratibu, akaenda zake.

Tulipokuwa tunarudi, Dokta aliingia chumba cha usukani, akasimama kando yangu. Nilijua nasutwa kwa sinia langu, nikajiandaa. Akasema, "Nahodha, wako ulimwona wapi?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, sikumjibu. Koo lilikuwa limenikaba, nikachelea kuumiza ubongo.

Basi leo najibu mbele ya mashahidi. Dokta, mahali penyewe hapaelezeki kwa mdomo, mtu hupelekwa. Nimekwisha kuzungumza na Mkurugenzi, naye amekubali: kustaafu utastaafu, lakini kiti chako botini hakikaliwi na mtu. Pumzika kwanza, shemeji akuchoke, kisha utuite.

Wageni wetu, nawashukuru wote kwa kunitegea masikio mpaka chakula kinapoa. Na wewe Dokta, siku hiyo njoo na sahani yako. Mimi nitabeba sinia.